Mapera ya Qalqilya: jibu kwa mkulima wa Muheza

SWALI: Mimi ni mkulima wa machungwa huku Muheza, umri umekwenda. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya mji wa Palestina uliozungushiwa ukuta mrefu kama wa gereza, akaniambia wenyeji wake ni wakulima wa machungwa na mapera. Machungwa naelewa. Mapera nani ananunua? Na kama ukuta umewazunguka, mashamba yako wapi, na watu wanaishi kwa nini?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mjukuu wako hakukudanganya, ila picha za simu zinaonyesha ukuta na kuacha miti. Mji huo unaitwa Qalqilya. Uko mwisho kabisa wa Ukingo wa Magharibi, yaani sehemu ya Palestina iliyo magharibi ya Mto Yordani, pale milima ya Nablus inapokwisha na tambarare ya pwani inapoanza. Kutoka hapo hadi Bahari ya Mediterania ni kama kilomita 15 tu, lakini katikati kuna mpaka, na ng'ambo ya mpaka, karibu kiasi cha kusikia honi za magari, kuna mji wa Israel uitwao Kfar Saba. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu watu zaidi ya 51,000 ndani ya Qalqilya. Kwa vipimo vyetu ni mji mdogo.

Wengi wanaoeleza habari zake huanzia mwaka 2002, ujenzi wa ukuta ulipoanza. Mimi nitaanzia chini ya ardhi, kwa kuwa wewe ni mkulima na utanielewa haraka. Qalqilya imekaa juu ya maji. Mvua inayonyesha milimani hupenya kwenye miamba ya chokaa, huteremka polepole kuelekea magharibi, na ikifika usawa wa Qalqilya na jirani yake Tulkarm inachimbika kwa gharama ya kumudu. Huko juu milimani mtu huvuna mvua kwenye birika lililochongwa mwambani, anapanda mizeituni na kumwachia Mungu. Huku chini anachimba kisima, anafunga pampu, anapanda anachotaka. Tofauti hiyo ndiyo iliyoufanya mji, na ndiyo iliyouletea matatizo pia, maana maji hayo hayo yanatakiwa na upande wa pili.

Zamani palikuwa kijiji tu. Madaftari ya kodi ya Milki ya Osmani ya mwisho wa karne ya 16 yanakitaja kama kijiji kidogo chini ya Nablus, kikilipa kodi ya ngano, shayiri na mazao ya kiangazi. Kilipata baraza la mji mwaka 1909. Kilichokitoa kwenye ngano ni kitu unachokijua kuliko mimi: chungwa.

Umewahi kusikia machungwa ya Jaffa? Jaffa ndiyo Yafa ya Biblia, bandari aliyopandia chombo nabii Yona. Chungwa lililoipa sifa linaitwa Shamouti: refu kidogo kama yai, mbegu chache au hakuna kabisa, na ganda nene linalobanduka bila kukuchafua mikono. Ganda hilo ndilo biashara yenyewe. Mtu alilichuma, akalifunga karatasi nyepesi moja moja, akalipanga kwenye sanduku la mbao, likapakiwa melini na kufika Liverpool baada ya wiki kadhaa likiwa bado chungwa. Chungwa letu la Msasa lenye ganda jembamba usingelithubutu hivyo. Naomba ulishike jambo hili, kwa sababu habari nzima ya Qalqilya naisoma kwa kipimo kimoja: tunda lina subira kiasi gani njiani. Shamouti lilikuwa na subira kubwa.

Katika msimu wa 1938/39 Palestina nzima, Waarabu na Wayahudi pamoja, ilisafirisha zaidi ya masanduku milioni 15 ya machungwa na jamii yake. Qalqilya ilikuwa sehemu ya mkondo huo. Ilikuwa na stesheni kwenye reli iliyotoka Tulkarm kwenda Lydda, na kwa barabara Jaffa haikuwa mbali. Wanunuzi walifika shambani kununua mazao yakiwa bado mtini, pesa mkononi kabla ya kuvuna, kama madalali wanavyofanya kwenu. Miche ilibebeshwa, yaani iliunganishwa, juu ya mdanzi, ule mti wa chungwa chungu ambao Waarabu wa huko wanauita khushkhash. Ukitajirika kwa machungwa, unachimba kisima kingine. Kisima kikitoa maji, unaongeza shamba kuelekea magharibi, kwenye ardhi ya tambarare. Takwimu za serikali ya Waingereza, watawala wa Palestina wakati ule, za mwaka 1945 zinawapa Qalqilya watu 5,850 na ardhi ya karibu dunamu 28,000. Dunamu ni mita za mraba 1,000, kwa hiyo ekari moja ni kama dunamu nne. Katika hizo, dunamu karibu 3,700 zilikuwa chini ya machungwa na ndizi. Wakati ule vita vya pili vya dunia vilikuwa vimefunga njia za meli na matunda mengi yalikuwa yameozea nchini, lakini miti ilikuwepo, na kila mtu alijua vita vikiisha meli zitarudi.

Meli zilirudi. Kilichokuja baada yake ni mwaka 1948.

Hapa niende taratibu. Vita vya 1948, kati ya taifa jipya la Israel na Waarabu, vilipokwisha, Israel na Yordani zilitia saini mkataba wa kusitisha mapigano kule Rhodes tarehe 3 Aprili 1949, na mstari ukachorwa kwenye ramani. Ndio huo unaoitwa Mstari wa Kijani, kwa rangi ya wino uliotumika. Mstari ulipita kando kabisa ya nyumba za Qalqilya upande wa magharibi. Nyumba zikabaki upande wa Yordani, uliotawala Ukingo wa Magharibi. Tambarare, yaani sehemu kubwa ya bustani za machungwa, ikawa Israel, na reli nayo. Mtu alisimama barazani kwake akaona miti aliyoibebesha kwa mkono wake ikizaa, na akivuka kwenda kuichuma alihesabiwa mvamizi na aliweza kupigwa risasi. Wapo waliovuka usiku kuiba machungwa yao wenyewe.

Kuna jambo la kisheria ambalo watu wengi hawalijui, na kwangu ndilo chungu kuliko yote. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi wa Kipalestina, UNRWA, liliandikisha kama mkimbizi mtu aliyepoteza makazi na riziki, vyote viwili. Mtu wa Qalqilya alikuwa amepoteza riziki tu. Nyumba yake ilikuwa imesimama, kwa hiyo hakuwa mkimbizi na hakustahili unga. Wakati huo huo wakimbizi wa kweli walikuwa wamejaa mjini kwake, wametoka vijiji vya jirani vilivyobaki upande wa pili, wengine wamelala chini ya miti michache iliyosalia.

Wakafanya nini? Wakageuza uso mashariki. Waliondoa mawe kwenye miteremko ambayo babu zao waliiachia mbuzi, wakachimba visima vipya, wakafunga pampu za dizeli na kupanda upya machungwa, mboga na miche ya kila aina. Soko halikuwa tena Liverpool. Lilikuwa Amman, na kupitia Amman nchi za Ghuba, hasa Kuwait, ambako vijana wengi wa Ukingo wa Magharibi walikwenda kutafuta kazi na kutuma pesa nyumbani. Bustani nyingi za miaka ile zimepandwa kwa mshahara wa Kuwait. Hali ya mpakani haikuwa ya amani: usiku wa tarehe 10 Oktoba 1956 jeshi la Israel lilishambulia kituo cha polisi cha Qalqilya, kikiwa kisasi cha mashambulizi yaliyofanywa ndani ya Israel, na watu zaidi ya 70 wa upande wa Yordani waliuawa pamoja na wanajeshi 18 wa Israel.

Kisha vita vya Juni 1967, Israel ilipouteka Ukingo wa Magharibi. Wenyeji walifukuzwa wakaelekea Nablus kwa miguu, na nyuma yao nyumba zikabomolewa kwa mpango. Mjumbe wa Umoja wa Mataifa aliyekwenda kukagua mwaka ule aliandika kwamba kati ya nyumba zipatazo 2,000, kama 850 zilikuwa zimevunjwa. Baada ya majuma kadhaa watu waliruhusiwa kurudi. Wengine walikuwa wameshavuka mto kwenda Yordani, na hao hawakurudi.

Sasa turudi kwenye kisima. Agosti 1967, miezi miwili tu baada ya vita, utawala wa kijeshi wa Israel ulitoa Amri namba 92 iliyoweka mamlaka yote ya maji mikononi mwa afisa mmoja wa kijeshi, na baadaye mwaka huo huo Amri namba 158 ikasema hakuna kuchimba wala kutengeneza kisima bila kibali. Visima vya Qalqilya vikafungwa mita, kila kimoja na mgao wake wa mwaka. Ukizidisha unatozwa faini. Mapatano ya Oslo ya mwaka 1995, kati ya Israel na Wapalestina, yaliandika mgawanyo wa hifadhi ile ya maji ya ardhini ya magharibi, ile ile iliyo chini ya Qalqilya: mita za ujazo milioni 340 kwa mwaka kwa Israel, milioni 22 kwa Wapalestina. Piga hesabu, ni kama asilimia 6. Waisraeli husema walikuwa wakitumia maji hayo tangu kabla ya 1967, kwa visima na chemchemi zilizo upande wao wa mstari, na hilo ni kweli. Lakini mkulima wa Qalqilya anayetaka kupanda dunamu kumi zaidi hapati faraja kwenye historia ya chemchemi. Mgao wake ni ule ule, na watoto wamekuwa wanane.

Ndiyo maana, mzee wangu, kati ya 1967 na miaka ya tisini mji uliacha polepole kuwa mji wa wakulima peke yao. Mpaka ulikuwa wazi. Kijana aliamka alfajiri, akavuka, akafanya kazi ya ujenzi Tel Aviv au ya kuchuma machungwa kwenye shamba la Mwisraeli, pengine kwenye ardhi iliyokuwa ya babu yake, na jioni alirudi na mshahara ambao bustani ya baba yake isingempa kwa wiki nzima. Jumamosi, siku ya Sabato ambapo maduka ya Israel yamefungwa, magari yaligeuza njia yakaja Qalqilya. Waisraeli walikuja kununua mboga, samani na miche, kutengeneza magari, hata kung'oa meno, kwa bei ya nusu. Barabara kuu ya mji ilikuwa soko la Jumamosi kutoka mwanzo hadi mwisho. Wanaosimulia siku zile huzisimulia kwa sauti mbili: palikuwa na pesa, na palikuwa na askari.

Desemba 1995 mji ulikabidhiwa kwa Mamlaka ya Palestina. Intifada ya pili, yaani maasi ya Wapalestina, ikaanza mwaka 2000. Juni 2001 kijana aliyekuwa akiishi Qalqilya alijilipua mlangoni mwa klabu ya usiku kwenye ufuko wa Tel Aviv, akaua watu 21, wengi wao vijana wadogo. Mwaka uliofuata Israel iliamua kujenga kizuizi, kwa hoja ya kuwazuia walipuaji, na Qalqilya ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza. Kufikia katikati ya 2003 kazi hapo ilikuwa imekwisha.

Picha aliyokuonyesha mjukuu nadhani ni ya upande wa magharibi, kando ya barabara kuu namba 6 ya Israel. Huko ni zege tupu, mita 8 kwenda juu, na minara ya walinzi. Pande nyingine ni uzio wa nyaya wenye vitambuzi, mitaro na barabara ya doria. Sasa utauliza: kama shida ni mpaka wa magharibi, kwa nini uzio uzunguke kaskazini na kusini pia? Kwa sababu kaskazini kuna makazi ya walowezi wa Kiisraeli yaitwayo Tzufim, na kusini mashariki kuna Alfei Menashe, yote yamejengwa miaka ya themanini ndani ya Ukingo wa Magharibi. Uzio ulipindishwa ili makazi hayo yabaki upande wa Israel. Matokeo yake mji umekaa kama ndani ya chupa, shingo yake mashariki. Kijiji cha Habla, ambacho unaweza kukitazama kutoka Qalqilya, kikawa ndani ya chupa nyingine, na kukifikia ilibidi kuzunguka mbali mpaka lilipochimbwa pito chini ya barabara. Mwanzoni shingo ya chupa ilikuwa na kizuizi kimoja cha jeshi kilichofunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 1 jioni. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ililitaja hilo katika maoni yake ya tarehe 9 Julai 2004, iliposema ujenzi wa ukuta ndani ya ardhi iliyokaliwa ni kinyume cha sheria ya kimataifa. Baadaye kizuizi kililegezwa, kikawa cha mara kwa mara. Soko la Jumamosi halikurudi kama lilivyokuwa, ingawa Waarabu raia wa Israel bado huja kununua siku ambazo njia iko wazi.

Uliuliza mashamba yako wapi. Mengine yako ndani ya chupa. Mengine, pamoja na visima kadhaa, yako nje, kati ya uzio na Mstari wa Kijani. Oktoba 2003 eneo hilo lilitangazwa kuwa la kijeshi lililofungwa, na mwenye shamba akawa anaingia kwa kibali kupitia geti la wakulima.

Fikiria asubuhi moja ya Septemba, kabla ya mambo kubadilika mwaka 2023. Geti ni la chuma, la njano, nyuma yake kuna barabara ya doria iliyotandazwa mchanga laini ili nyayo zionekane. Hufunguliwa asubuhi kwa muda mfupi, mchana tena, na jioni. Watu wamefika mapema, punda, trekta, ndoo za kuchumia zimepangwa. Askari anakuja na jipu, anaangalia kibali na kitambulisho, mmoja mmoja. Trekta nalo lina ruhusa yake. Mzee ana kibali, mwanawe hana, kwa sababu shamba limeandikwa jina la mzee na ofisi imesema mtu mmoja anatosha. Mzee ana miaka sabini. Nani atapanda mtini? Wakichelewa jioni wanalala huko huko au wanajieleza kwa jeshi. Na kuna hili la urithi: kwa sheria ya Kiislamu shamba hugawanywa kwa watoto wote, na vizazi vitatu baadaye kila mtu ana kipande kidogo kama kanga. Kanuni za vibali za mwaka 2017 zikatamka kwamba kipande kisichofika mita za mraba 330 hakina haja ya kilimo, kwa hiyo mwenyewe hana sababu ya kupewa kibali cha mkulima. Mita 330 ni kama viwanja viwili vya mpira wa wavu. Mama yangu alisomesha watoto kwa bustani ya mchicha isiyozidi hapo.

Haya, tufike kwenye mapera, maana naona umeyasubiri.

Huku kwetu mpera hauna mwenyewe. Umeota ulipoota, watoto na ndege wanagawana, na majani tunachemsha mtu akiharisha. Jina lenyewe tulipewa na Wareno, waliolifananisha tunda hilo na peasi lao. Kule wanaliita jawafa, na ni zao la biashara kamili: mistari iliyonyooka, umwagiliaji wa matone, kupogoa kila mwaka, mitego ya nzi wa matunda. Mapera yao mengi ni makubwa kuliko yetu, nyama nyeupe, na mavuno huanza Agosti yakaendelea hadi Novemba. Ukitaja Qalqilya kwa mtu wa Hebron au wa Ramallah, kabla ya kukutajia ukuta atakutajia jawafa. Wanunuzi ndio hao, miji ya Palestina yenyewe, na Yordani, ambako mzigo hupitia daraja la Mto Yordani. Daraja lenyewe lina utaratibu wake: lori la Mpalestina halivuki. Mzigo unashushwa na kupakiwa kwenye lori lingine.

Lakini pera halina subira. Ukilichuma likiwa limeanza kubadilika rangi, kesho limekuwa njano, keshokutwa linanukia nyumba nzima, siku ya nne ni la kuku. Kwa kipimo changu cha mwanzo, ni tunda baya kabisa kwa mji wenye mageti. Geti likifungwa siku tatu kwa sikukuu au kwa sababu za usalama, matunda yaliyoiva mtini yanaanguka. Daraja likifungwa, kreti zilizokwisha pakiwa zinarudi soko la ndani na bei inaanguka siku hiyo hiyo. Kwa nini basi waliacha chungwa lenye subira, wakashika pera?

Jibu langu ni kwamba chungwa lilishindwa kwa sababu ya subira yake. Tunda linaloweza kusafiri mbali linaweza pia kuletwa kutoka mbali. Masoko ya Ukingo wa Magharibi yalikuwa wazi kwa machungwa ya Israel, yaliyolimwa kwa mashamba makubwa na maji ya kutosha, na mkulima mwenye dunamu tano, miti mizee na mgao wa maji wa miaka iliyopita hakuweza kushindana kwa bei. Pera, kwa kuwa haliwezi kungoja, humpa nafuu aliye karibu na mlaji. Mpera pia huzaa mapema, miaka miwili au mitatu, na hausumbuki sana maji yakipungua wiki moja. Ni hesabu ya mtu mwenye akili aliyebanwa. Ikaenda vizuri njia zilipokuwa wazi.

Miaka ya karibuni wameanza kung'oa mipera na kupanda miparachichi. Ukiliangalia juu juu utadhani ni mtindo tu, kama Njombe na Murang'a walivyoingia kwenye parachichi. Nadhani kuna zaidi. Parachichi haliivi mtini. Likikomaa linaweza kukaa tawini majuma mengi likikusubiri, likachumwa gumu kama jiwe, likaiva huko liendako. Geti likifungwa, mti wenyewe ndio ghala. Linauzwa Palestina na linapelekwa nchi za Kiarabu kwa bei ya kutia moyo. Ubaya wake unaujua mtu yeyote aliyelipanda: linakunywa maji kuliko mpera na halivumilii chumvi, na mgao wa kisima ni ule ule. Ningekuwa bwana shamba wao ningewaambia wasing'oe mipera yote.

Zao lao lingine ambalo halitajwi sana ni miche. Vitalu vya Qalqilya huuza miche ya matunda na mboga kwa sehemu kubwa ya Ukingo wa Magharibi. Maarifa ya kubebesha waliyoyapata kwenye machungwa hayakupotea na ardhi. Mche nao una subira; ukiumwagilia unangoja hata miezi miwili lori lipite.

Kuna kitu kingine cha kipekee, bustani ya wanyama, ya pekee katika Ukingo wote wa Magharibi, iliyofunguliwa mwaka 1986. Ni ya halmashauri ya mji, na siku za amani huleta watoto wa shule kutoka kila mahali pamoja na viingilio vyao. Walikuwa na twiga dume. Wakati wa intifada ya pili alitaharuki kwa milio ya risasi, akajigonga na kufa, na daktari wa wanyama wa pale akamkausha na kumjaza, kwa kuwa kumpata mwingine ilikuwa haiwezekani. Bado wanamwonyesha hivyo, amesimama.

Swali lako la mwisho, wanaishi kwa nini, kwa kweli lilikuwa na jibu moja kubwa mpaka miaka michache iliyopita: mshahara wa Israel. Kaskazini ya mji kuna kivuko kiitwacho Eyal, na kuanzia saa 9 usiku maelfu ya wanaume kutoka Ukingo wa Magharibi kote walijipanga hapo wafike kazini jua likichomoza. Mji ulifungua vibanda vya chai na ka'ak, mkate wa ufuta, kwa ajili yao. Baada ya tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas iliposhambulia Israel kutoka Gaza, vibali hivyo vilisimamishwa karibu vyote kwa siku moja, kwa wafanyakazi zaidi ya 100,000 wa Ukingo wa Magharibi. Mageti ya wakulima nayo mengi yalifungwa, na msimu wa zeituni wa mwaka ule ulipita watu wengi wakiitazama miti yao ng'ambo ya uzio.

Mafundi wengi waliokuwa Tel Aviv sasa wako kwenye bustani za baba zao ndani ya chupa, watu wanne wakifanya kazi ya mtu mmoja, wakiuza pembeni mwa barabara ya kwenda Nablus. Mapera wanayapanga kwenye ndoo za plastiki, mabichi chini, mabivu juu, na yale yaliyoanza kulainika wanayauza kwa kilo bei ya kutupa saa 11 jioni, kabla gari la mwisho halijapita.